Spoti Yako na Shangingi Langu

Rafiki yangu Nassor,

Nianze na jambo litakalokuudhi, tulimalize mapema. Nina shangingi. Umesikia vizuri. Jeupe, vioo vyeusi, viti saba, na kidato cha kukanyagia kabla hujapanda. Mwanangu Hamadi kaniletea kutoka Dubai, na lilishuka bandarini miezi minne baada ya wewe kututoka. Nilipokabidhiwa ufunguo, kitu cha kwanza nilichofikiri ni kuja kukuonesha. Nikalitia moto, nikaendesha mpaka Darajani, nikawa natafuta pa kuliacha ili niingie vichochoroni kukugongea mlango. Ndipo nikakumbuka. Nikakaa pale, baridi ya mashine inanipuliza usoni, wa nyuma yangu wananipigia honi, nami nacheka peke yangu na machozi yananitoka. Kisha nikataka kugeuza nikashindwa, maana pale halina nafasi ya kugeukia. Ungefurahi wewe!

Tulijuana kwa sababu ya viti. Mwaka themanini na tano, kibanda changu cha kushona viti vya gari pale Mlandege hakijapata hata mlango, akatokea mwalimu mrefu mwembamba, shati lina vumbi la chaki, nyuma yake hamali anasukuma mkokoteni wenye viti viwili vilivyooza. Panya walikuwa wameshazaa ndani ya kimoja. Nikakuuliza, "Gari yenyewe iko wapi?" Ukanijibu bila ya kucheka, "Imo katika makopo." Nikakudhania mwendawazimu. Kumbe kweli. Ulikuwa umeifungua gari ya marehemu babu yako nati moja moja, ukazitia katika makopo ya maziwa, kila kopo na karatasi yake ya maelezo kwa ule mwandiko wako wa ubaoni.

Kitambaa miaka ile hakikuwa kikipatikana. Nikapata kipande cha ngozi bandia rangi ya damu ya mzee, masalio ya makochi ya bwana mmoja, kikatosha kiti kimoja tu. Cha pili nikakishona kwa nyeusi. Nilidhani utakasirika. Ukasema, "Nyeusi itakuwa ya abiria. Abiria hana haki ya kuchagua." Siku ile ile nikajua tutakuwa marafiki.

Na siku ile ile tukaanza kugombana. Wewe uliipenda gari ndogo, ya chini, ya milango miwili, paa lake turubai, sauti yake inasikika kabla haijatokea. Mimi nilitaka kubwa. Nilikwambia sababu mara moja tu, ukaondoka bila ya kubishana, na hiyo haikuwa kawaida yako. Nilikwambia: babu yako alikuwa na shamba la mikarafuu, na babu yangu ndiye aliyetoka bara kuja kuzichuma karafuu zake. Mtu aliyelala chumba kimoja na ndugu zake saba hawezi kupenda gari ya watu wawili. Kesho yake ukaja na jawabu. "Idi," ukanambia, "nimefikiri. Maneno yako ni ya kweli. Lakini hizo unazozitaka si gari, hizo ni nyumba zinazohama." Nami nikakwambia yako pia si gari, ni kiatu. Tukaendelea hivyo miaka kumi na minane, Nassor, na hakuna hata mmoja aliyechoka.

Wiki ile ya mwisho, ulipokuwa huwezi tena kunyanyuka, ulinambia, "Isilale. Ijumaa baada ya sala iwashe, itoke." Nikakubali, nikidhani tunazungumza tu. Baada ya arubaini, mkeo Bi Zuhura akanipa ufunguo umefungwa katika leso yako. "Shemegi," akasema, "alisema uwe wewe."

Basi Ijumaa ya kwanza nikaja kuiwasha, pale inapolala mbele ya kibanda changu. Wewe uliijua hali ya tumbo langu. Nilitia mguu wa kulia, nikauinamisha mgongo, nikajishusha, nikakwama. Usukani huku, tumbo huku. Wauza mitumba wa Mlandege waliacha biashara zao wakaja kutazama. Mmoja akanishauri nitoe pumzi zote kwanza. Nikatoa, nikaingia. Kutoka ikawa kazi ya watu wawili, mmoja anavuta mkono, mmoja anausukuma mgongo. Hata hivyo niliendesha, nikazunguka mpaka Mazizini nikarudi. Na nimeendesha kila Ijumaa.

Sasa nazijua zote mbili, na naweza kukwambia kwa haki. Katika shangingi langu nipo juu. Naona mpaka nyuma ya kuta za watu. Nimejua kwamba yule jirani yako mkali anafuga sungura. Usukani naugeuza kwa kidole kimoja. Nikisahau mkanda linanililia mpaka nifunge. Askari wa barabarani, Wallahi, alinipigia saluti pale Mtoni, akidhani ndani mna waziri. Lakini hakuna anayenisalimu. Nshapita mbele ya watu ninaowajua tangu utotoni, nawapungia mkono nyuma ya kioo cheusi, wananitazama kama ukuta.

Katika spoti yako nnatazamana na mbuzi macho kwa macho. Kila shimo la barabara nalijua kwa uti wa mgongo. Kuiwasha ni ibada: vuta ule mpini, sema Bismillahi, shuka, piga pampu ya mafuta mara mbili kwa spana, rudi ndani. Lakini niendapo mashamba msimu wa karafuu, na zimeanikwa kandoni mwa njia, harufu yake yote inaniingia. Watoto wananikimbilia. Vijana wananiambia "Shikamoo," nami nna nafasi ya kuitikia "Marahaba," maana sikio langu liko karibu na magoti yao. Ila bado nasema kubwa ndiyo bora. Usijitukuze huko uliko.

Sasa nikueleze habari yenyewe. Ilham ameolewa.

Mwanao kaolewa na Khamis, kijana wa Matemwe anayefanya kazi kwenye shamba la serikali la Kizimbani, kwenye miche ya viungo. Mpole, anacheka taratibu, na mikono yake inanukia mdalasini. Ungempenda, ingawa ungejifanya humpendi kwa muda wa mwaka mzima. Ndoa ilifungwa msikitini, mimi nikakaa mahali ambapo ungekaa wewe, pamoja na ndugu yako. Kisha ikawekwa siku ya kumpeleka bi harusi kwa wakwe zake, Matemwe. Na hapo ndipo fujo ilipoanza.

Kwanza ujue kwamba Bi Zuhura alikuwa ameshaamua kuiuza spoti. Mzungu mmoja mwenye hoteli huko huko Matemwe aliiona mbele ya kibanda changu, akaizunguka mara tatu. Nikamuuliza anataka kuendesha wapi. Akasema hana haja ya kuiendesha. Ataiweka bustanini, atoe injini, apande maua ndani, wageni wapige picha. Nassor, nilihisi kama mtu kanitia kidole jichoni. Nikamwendea Bi Zuhura nikamwambia, maua! Akanijibu, "Shemegi, mimi ile gari nimeichukia tangu siku ya kwanza. Nilipanda mara moja, upepo ukanichukulia mtandio mpaka kwenye mkoko, na mume wangu badala ya kusimama akacheka. Kila nikipita Mlandege nikiiona, naona kiti hakina mtu. Bora maua." Nikarudi kibandani kwangu. Mkeo ni yeye, mimi ni fundi wa viti.

Wakakubaliana kwamba mzungu ataichukua wiki ya harusi. Na Ilham alipojua akasema jambo moja tu: atakwenda kwa mumewe ndani ya gari ya baba yake. Akishafika, waipande maua wakitaka, waipande na muhogo.

Siku yenyewe ilikuwa ya masika. Asubuhi ilinyesha, mchana ikaacha, mbingu ikawa imenuna. Saa nane nimeshazipanga gari zote mbili pale Mlandege, shangingi mbele, spoti nyuma, zimepambwa kwa riboni. Mpwa wangu ndiye wa kuendesha shangingi na kina mama, mimi niendeshe spoti na bi harusi. Nilikuwa sijala tangu jana ili niingie bila ya kusukumwa.

Akatokea Bi Mize. Unamjua somo wa Ilham, aliyemfunda na asiyemwachia hata hatua moja. Akaisimamia spoti, kiuno kashika.

"Hii ndiyo nini?"

"Gari ya marehemu," nikamwambia.

"Ina viti vingapi?"

"Viwili."

"Wewe kimoja, bi harusi kimoja. Mimi nikae wapi, juu ya tairi? Na wewe ni maharimu yake?"

"Ami yake, Bi Mize, nimemlea."

"Ami wa kushona viti. Haendi."

Kina mama wote wakamuunga mkono. Bi Zuhura akasema basi, aingie kwenye shangingi, yaishe. Nikamtazama Ilham. Ndani ya buibui jipya, mikono imejaa hina, yaonekana macho tu, na macho yale ni yako, Nassor, yale yale ya kusema "Nimefikiri."

"Basi ntaiendesha mwenyewe," akasema.

Nikasikia hata riboni zinavyopigwa na upepo.

"Utaendesha nini wewe?" mama yake akamuuliza. "Nani kakufundisha?"

"Baba."

"Lini?"

"Miaka miwili, kila Jumapili. Njia ya Kizimbani. Tulikuwa tukikwambia tunakwenda kununua ndizi."

Bi Zuhura akapiga makofi. "Ndo mana!" akapiga kelele. "Ndo mana nyumba ilikuwa haishi ndizi! Mpaka jirani nikawagawia, mpaka nikazikaanga, mpaka nikazitupa! Namuuliza, mume wangu, ndizi zote hizi za nini, ananambia daktari kasema zina nguvu!" Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika mlango wa gari asianguke, na kucheka kukageuka kulia, kisha kukarudi tena kuwa kucheka. Tangu ulipokufa nilikuwa sijamsikia akicheka. Sisi wote tulisimama tu kama tuliofungwa miguu.

Na mimi je? Ulinificha hata mimi, Nassor! Miaka miwili umekaa kibandani kwangu kila Jumatatu, unaniomba niikaze skrubu ya kiti cha dereva kwa sababu kimesogezwa mbele, sikukuuliza nani anayekisogeza. Nilisikia uchungu kidogo. Kisha nikakusamehe papo hapo, kwa sababu nilimwona Ilham anafungua boneti bila ya kuambiwa, anachukua spana yako, anapiga pampu mara mbili kwa mkono wa hina.

Bi Mize alikuwa hajashindwa. Akasema haya, kama anaendesha mwenyewe, yeye atakaa kiti cha pili. Akatia mguu mmoja, akaona jinsi kiti kilivyo chini, akautoa. "Mimi kwenye kijisahani hiki? Nikishaingia mtanitoa kwa nini, kwa kijiko?" Akaliendea shangingi langu, akapanda kidato, akakaa mbele kabisa, mashine ya baridi ikimpuliza, akawa kama sultani. Hilo nalihesabu kuwa la kwangu. Moja kwangu.

Basi kiti cha abiria kikabaki kitupu, na bi harusi hawezi kwenda peke yake. Watu wote wakamtazama Bi Zuhura. Akakitazama kile kiti. Kisha akaukaza mtandio wake, akaufunga fundo chini ya kidevu kama anayekwenda vitani, akasema, "We Ilham. Ukicheka nikipeperukiwa, nnashuka." Akaingia.

Mimi nikachukua shangingi, mpwa wangu akabaki. Tukatoka. Nilikuwa natangulia, jicho moja mbele, jicho moja kwenye kioo. Nyuma yangu kina mama wanaimba, vigelegele, mikono inapiga ngoma juu ya viti vyangu vipya. Watu walitoka madukani kutazama. Bi harusi anaendesha! Kuna mzee mmoja alivua kofia, akaivaa, akaivua tena. Pale Mtoni askari yule yule alilipigia saluti shangingi, kisha akaiona spoti nyuma, mkono ukamganda kichwani.

Lami ilipokwisha, ndipo mvua ya asubuhi ilipotukumbusha kwamba ipo. Dimbwi la maji limekata njia nzima. Shangingi likaingia, likatoka, hata Bi Mize hakukatisha wimbo. Nikatazama kioo. Spoti imeingia taratibu, Ilham anaipeleka vizuri, pole pole, gia ya kwanza, kama ulivyomfundisha bila shaka. Lakini tumbo la gari yako liko chini, Nassor, nilikwambia siku zote. Ikakaa juu ya tuta katikati ya maji, magurudumu yakawa yanazunguka bure, ikakohoa, ikazimika. Na mvua ikaanza upya, juu ya turubai ile ambayo inavuja tangu zama zetu.

Nikarudi kinyumenyume, nikavua viatu, nikaingia majini na kamba. Nikaifunga. Nikarudi kwenye usukani, nikatia ile gia ya kuvuta magurudumu manne, nikakanyaga polepole. Shangingi halikuhangaika hata kidogo. Spoti ikang'oka kama jino la mtoto, ikanifuata, majini mpaka nchi kavu, mbele ya wanawake sita mashahidi.

Nilishinda, Nassor. Ushahidi niliousubiri miaka kumi na minane: gari kubwa inaiburura gari yako kwa kamba. Nikageuza kichwa upande wa abiria, maneno yako tayari ulimini, "Haya, sema sasa!" Na aliyekaa pale alikuwa Bi Mize, anakula visheti. Pale ndipo nilipokukosa kuliko mahali pote. Kuliko makaburini, kuliko msikitini. Nimeshinda, na wa kumtambia hayupo. Nikashuka nikajifanya naangalia kamba.

Nikawaendea, nikidhani nitawakuta wanalia. Maji yanadondoka kutoka kwenye turubai, moja kwa moja kichwani kwa Bi Zuhura. Mtandio umelowa, wanja umeshuka mpaka mashavuni. Na wanacheka, mama na mwana, wameshikana mikono, hina na pete, wanacheka mpaka hawawezi kunijibu. Bi Zuhura akanambia, "Shemegi, fungua kamba yako. Sisi tutakwenda wenyewe." Ilham akashuka na buibui lake la harusi ndani ya matope, akapiga pampu mara mbili, akarudi ndani. Ikawaka.

Tukaingia Matemwe mvua imekatika, bi harusi mbele sasa, mimi nyuma. Wakwe walikuwa wamepangana njiani. Khamis alipoona nani anashika usukani, alisimama kama mti, kisha akacheka kile kicheko chake cha taratibu, akaja kumfungulia mlango. Bi Mize alikuwa anapiga kelele toka kwangu kwamba siyo yeye wa kufungua. Hakuna aliyemsikia.

Na yule mzungu alikuwepo, amekuja na watu wake wawili kuichukua gari. Akasema kwa Kiswahili chake, "Nzuri sana, mama. Maua itapendeza." Bi Zuhura, kalowa, katoka wanja, kasimama mbele ya boneti. "Maua kapande kwenye ndoo, baba," akamwambia. "Hii inakwenda." Yule bwana, Mungu ambariki, alielewa. Akacheka, akabaki kula biriani.

Hukumu yangu, kwa kuwa najua unaisubiri: kubwa ndiyo bora. Imebeba watu, imevuta, haikulowesha mtu. Lakini katika miaka yangu yote ya kushona viti, sijaona gari nyingine iliyomrudishia mtu kicheko chake. Hilo nakupa. Ni moja tu, usilikuze.

Ilham na mumewe wanakaa hapa mjini, mtaa wa pili na mama yake. Spoti bado inalala mbele ya kibanda changu, ila Ijumaa si yangu tena, nimenyang'anywa. Bi Zuhura anajifunza kuendesha. Anakuja na Ilham baada ya sala, viatu vya chini, mtandio na pini nne, na wanakwenda zao Maisara kwenye uwanja. Ijumaa iliyopita alirudi nyuma badala ya kwenda mbele, akaukwaruza mlango kwa nguzo ya goli. Akashuka, akautazama, akanitazama mimi. "Shemegi, hukuona kitu." Nikamwambia sikuona. Wewe nakwambia kwa kuwa huna wa kumhadithia.

Mlango ntaunyoosha mwenyewe na kuutia rangi yake. Nakuahidi hilo, na nakuahidi kwamba madhali mikono yangu inashika sindano, hakuna atakayekaa katika gari ile juu ya kiti kilichochanika. Nao sitowaacha, mkeo na mwanao. Mungu akurehemu, Nassor, akuweke pema. Nakuombea kila sala, hata zile siku ninazokukasirikia kwa ajili ya ndizi.

Nasikia honi. Wanarudi kutoka Maisara, na anayeipiga ni Bi Zuhura, maana haachi. Kwa heri, rafiki yangu. Shangingi langu limemzibia njia, wacha nikalisogeze.

Wako,
Idi